Sadi wa Paris, kimbunga cha 1872 na majenereta ya Wesha

Kuna swali moja ambalo sisi waandishi wa habari hatuliulizi tunapoandika habari za umeme. Tunauliza bei ya yuniti. Tunauliza megawati ngapi, mfadhili nani, mkandarasi nani, na mgeni rasmi alisema nini. Hatuulizi hili: katika kila lita ya dizeli iliyochomwa ili taa iwake, moto mwingine ulikwenda wapi?

Nasema "moto mwingine" kwa sababu ule uliogeuka umeme ni sehemu ndogo tu. Jenereta nzuri ya dizeli, inayotunzwa vizuri na fundi anayeijua kazi yake, hutoa umeme kwa kiasi cha asilimia 35 hadi 45 ya joto lililomo ndani ya mafuta. Yaani katika kila mapipa kumi yanayoshushwa bandarini, kama sita hivi huenda kupasha moto hewa na maji ya kupozea. Kwa miaka mingi, hadi 2010, kisiwa cha Pemba kiliishi kwa hesabu hiyo. Umeme wake ulitoka katika majenereta ya dizeli ya Wesha, karibu na Chake Chake, na mafuta yake yalikuja kwa meli.

Ukimweleza mtu hesabu hii, jibu lake la kwanza huwa: mashine mbovu hizo, au kuna watu wanaiba mafuta. Mashine mbovu zipo, na wizi upo duniani. Lakini hata ukiondoa vyote viwili, ukaleta injini mpya kabisa na malaika kumi wa kuilinda, sehemu kubwa ya joto bado itapotea. Kuna mpaka. Na historia ya mpaka huo, ndugu msomaji, inagusa visiwa hivi mara nyingi kuliko unavyodhani.

Tuanze na jina. Aliyeugundua mpaka huo alikuwa Mfaransa, Sadi Carnot, aliyezaliwa Paris mwaka 1796. Hilo "Sadi" si jina la Kifaransa. Baba yake, Lazare Carnot, mhandisi na mwanasiasa mkubwa wa Mapinduzi ya Ufaransa, alikuwa anapenda sana mashairi ya Saadi wa Shiraz, mshairi wa Uajemi wa karne ya 13, akampa mwanawe jina lake. Shiraz hiyo hiyo ambayo wazee wengi wa Pemba huitaja wanapohesabu asili zao. Sisemi kwamba kuna undugu. Nasema tu kwamba jina lililokaa midomoni mwa watu wa pwani yetu kwa karne nyingi limekaa pia, kwa njia nyingine kabisa, kwenye msingi wa sayansi ya injini.

Sadi alikuwa ofisa wa jeshi, mhandisi, mtu mkimya. Nchi yake ilikuwa imeshindwa vita na Waingereza, naye aliona kwamba nguvu ya Uingereza ilikuwa kwenye injini za mvuke: zilivuta maji migodini, ziliendesha viwanda, na sasa zilianza kusukuma meli. Thomas Newcomen alijenga injini yake mwaka 1712, na James Watt akapata hataza ya kuiboresha mwaka 1769, kwa kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni badala ya kuipoza silinda nzima kila mara. Lakini hata injini bora za wakati wa Sadi ziligeuza kuwa kazi asilimia chache tu ya joto la makaa. Mafundi walijaribu hiki na kile. Wengine walisema tuachane na maji, tutumie hewa. Wengine wakasema alkoholi.

Mwaka 1824 Sadi alichapa kitabu kidogo kuhusu nguvu ya moto, nakala 600 tu, na swali lake lilikuwa tofauti na la mafundi. Hakuuliza injini ipi ni bora. Aliuliza: je, kuna mpaka ambao hakuna injini yoyote itakayouvuka, hata ikitengenezwa kwa kitu gani?

Jibu lake lilikuwa: upo. Alifananisha joto na maji yanayoporomoka. Gurudumu la maji halipati nguvu kutokana na maji peke yake, linapata kutokana na maji yanayoshuka kutoka juu kwenda chini. Bwawa lisilo na mahali pa kumwagikia haligeuzi gurudumu lolote. Vivyo hivyo, moto peke yake hauendeshi injini. Lazima pawe na mahali pa moto na mahali pa baridi, na joto lipite kati yake. Kinachoweka mpaka si mvuke, si hewa, wala si alkoholi. Ni tofauti ya joto kati ya pande mbili.

Uthibitisho wake ni mzuri kwa urahisi wake. Chukua injini isiyopoteza chochote kwa msuguano, ambayo unaweza kuiendesha kinyumenyume. Ikienda mbele, inashusha joto na kutoa kazi. Ikirudi nyuma, inakula kazi na kupandisha joto kutoka kwenye baridi kwenda kwenye moto, kama jokofu la muuza samaki linavyofanya leo. Sasa tuseme ametokea mtu mwenye injini bora kuliko hiyo. Tuifunge injini yake iendeshe ile ya kwanza kinyumenyume. Joto lote lililoshuka litapandishwa tena juu, na bado kazi itabaki ya bure. Tungekuwa na mashine inayojiendesha milele bila kula chochote. Kwa kuwa mashine hiyo haiwezekani, basi injini bora kuliko ile ya kwanza nayo haiwezekani.

Karibu hakuna aliyekisoma kitabu hicho. Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia Paris, na Sadi akafa nacho akiwa na miaka 36. Vitu vyake vingi vilichomwa kwa kuogopa maradhi, na karatasi zake nyingi zikaenda navyo. Maradhi hayo hayo hayakuishia Ulaya. Yalifika Zanzibar pia, na yale ya mwaka 1869 na 1870 yaliua watu wengi kiasi kwamba daktari wa Kiskoti aliyeishi hapo, James Christie, aliandika kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki.

Kilichomwokoa Sadi asisahaulike ni mhandisi mwenzake, Émile Clapeyron, aliyeieleza kazi yake upya mwaka 1834. Kutoka hapo kijana William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alisikia habari za kitabu hicho, akakitafuta kwa wauza vitabu wa Paris asikipate. Mwaka 1848 Thomson alilitumia wazo la Sadi kutengeneza kipimo kipya cha joto, kinachoanzia kwenye sifuri halisi, yaani nyuzi 273 chini ya kuganda kwa maji. Sadi alikuwa amekosea jambo moja: alidhani joto lote linaloingia injini hutoka upande wa pili bila kupungua, kama maji. Mjerumani Rudolf Clausius mwaka 1850, na Thomson mwaka 1851, walisahihisha: sehemu ya joto hugeuka kazi, na iliyobaki lazima itupwe upande wa baridi. Mpaka wa Sadi ulibaki palepale.

Hesabu yenyewe mtoto wa sekondari anaiweza. Chukua joto la upande wa moto na joto la upande wa baridi, yote kwa kipimo cha Kelvin. Gawanya baridi kwa moto, kisha toa jibu kutoka kwenye moja. Basi.

Tujaribu hapa nyumbani. Bahari ya Pemba ina nyuzi 28 hivi, yaani kelvini 301. Tuseme una mtambo wa mvuke wa nyuzi 550, yaani kelvini 823, na unaupoza kwa maji ya bahari. Mpaka wake ni asilimia 63. Asilimia 37 utazimwaga baharini, upende usipende. Na ona jambo hili: Mzungu wa Norway mwenye bahari ya nyuzi 5 ana mpaka wa juu kidogo kuliko wako, kwa mtambo uleule. Joto letu la pwani, ambalo watalii hulilipia, kwa injini ni hasara.

Sasa turudi kwenye dizeli. Rudolf Diesel alikuwa mwanafunzi Munich alipomsikia mwalimu wake, Carl von Linde, akieleza jinsi injini za mvuke zilivyokuwa mbali na mpaka wa Sadi Carnot. Jambo hilo halikumtoka kichwani. Mwaka 1893 alichapa kitabu kuhusu injini ya joto iliyo bora, na nia yake ilikuwa kuufikia mpaka wenyewe. Hakuufikia. Injini aliyoibuni kwenye karatasi ilihitaji mgandamizo mkubwa mno, akalazimika kupunguza matumaini. Lakini ile iliyopimwa Augsburg Februari 1897 ilitoa asilimia 26, zaidi ya maradufu ya injini za mvuke zilizokuwa za kawaida wakati huo. Mwaka 1913 Diesel alipotea usiku akiwa melini akivuka kwenda Uingereza, na mwili wake ukaokotwa baharini.

Kwa hiyo jenereta za Wesha zilikuwa wajukuu wa kitabu cha 1824. Ndani ya silinda ya dizeli moto hupita kelvini 2,000 kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, na ukiweka namba hiyo kwenye hesabu ya Sadi unapata mpaka wa asilimia 85. Mbona basi tunapata 40? Kwa sababu ule moto haukai juu muda wote, moshi unatoka ukiwa bado mkali, vyuma vinasuguana, na rejeta lazima ipoze silinda isije ikayeyuka.

Na kuna sababu nyingine, ambayo waswahili tuliijua kabla ya wanafizikia: haraka haraka haina baraka. Injini ya Sadi inafikia mpaka wake ikiwa tu joto linapita polepole kabisa, bila tofauti yoyote kati ya moto na kitu kinachopashwa. Injini ya namna hiyo ina baraka zote, lakini haiwashi hata taa moja, kwa sababu itachukua milele kuzunguka mara moja. Ukitaka umeme leo jioni lazima uharakishe, na ukiharakisha unapoteza. Mwaka 1957 Mfaransa Chambadal na Mrusi Novikov, kila mmoja kwa njia yake, na mwaka 1975 Curzon na Ahlborn wa Kanada, walitoa hesabu ya injini inayotoa nguvu nyingi iwezekanavyo: fanya kama Sadi, ila uchukue kipeuo cha pili cha ule mgawanyo kabla ya kuutoa kwenye moja. Mtambo wetu wa nyuzi 550 unashuka kutoka asilimia 63 hadi 40. Hii si sheria ya maumbile kama ile ya Sadi, lakini iko karibu sana na mitambo halisi ya duniani.

Mpaka hapa unaweza kudhani injini za joto ni vyuma tu. Hapana. Injini kubwa kuliko zote zilizowahi kufika Zanzibar haikuwa na pistoni hata moja.

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja majahazi na meli bandarini, zikiwemo za Sultani Barghash aliyekuwa hajatimiza hata miaka miwili kwenye kiti. Pemba, iliyo kaskazini kidogo, ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo kisiwa cha karafuu. Mashamba ya Unguja yalipokuwa yamelala chini bei ilipanda, na wenye mashamba wa Pemba wakapanda mikarafuu zaidi na zaidi. Kazi hiyo ilifanywa na watumwa, na utajiri wa miaka hiyo hauwezi kuandikwa bila kuwataja. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria visiwani mwaka 1897, mwaka uleule ambao injini ya Diesel ilipimwa Augsburg.

Mwaka 1986 mwanasayansi wa Marekani, Kerry Emanuel, alieleza kimbunga kwa hesabu ya Sadi Carnot. Upande wa moto ni bahari, kelvini 300 hivi. Upande wa baridi ni kilele cha mawingu, kilomita 15 hivi juu, ambako ni kelvini 200 hivi. Bahari inatoa mvuke, mvuke unapanda, unaganda kuwa mvua na kuachia joto, na joto lile linatupwa angani kule juu. Toa hesabu: asilimia 33. Theluthi ya joto lile inaweza kuwa upepo, na kutokana na hapo mtu anaweza kukadiria kasi ya juu kabisa ambayo kimbunga kinaweza kufikia. Kwa maneno mengine, mpaka ulioandikwa na kijana wa Paris kwa ajili ya mashine za makaa unatawala pia upepo ulioamua kisiwa kipi kiwe cha karafuu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, kilikuwa injini ya aina hiyohiyo. Bahari ikizidi joto, upande wa moto unapanda, na sisi tunaoishi juu yake tuna haki ya kuifuatilia hesabu hiyo kwa makini.

Tuje sasa kwenye umeme wa leo. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na gridi ya Taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, zaidi ya kilomita 70, wenye uwezo wa megawati 20 hivi, kwa msaada wa Norway. Wengi tuliandika kwamba umeme "umefika." Kwa macho ya Sadi, kilichotokea ni kwamba moto ulihamishwa. Joto lililokuwa likitupwa Wesha likawa linatupwa Dar es Salaam, kwenye mitambo ya gesi ya Ubungo na baadaye Kinyerezi. Na huko linatupwa kidogo zaidi kwa kila yuniti, hasa Kinyerezi II, ambako moshi mkali wa mitambo ya gesi hauachwi uende bure. Unachemsha maji, na mvuke wake unaendesha mtambo wa pili. Ni injini mbili kwenye moto mmoja.

Halafu kuna Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mtambo wake wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Maji yanayoporomoka si injini ya joto, hivyo mpaka wa Sadi haumhusu fundi wa pale. Mitambo ya maji hupita asilimia 90. Mfano alioutumia Sadi kueleza moto umekuja kuwa ndio umeme wenyewe. Lakini usisahau maji yale yalipandaje mlimani: jua liliyachukua baharini, upepo ukayaleta. Injini ya joto ipo, ila ni kubwa mno hatuioni, na haitumi bili.

Naongeza jambo moja dhidi ya furaha ya ufanisi. Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani miezi mitatu kwa hitilafu ya umeme wake wa kutoka bara. Watu wakanunua vijijenereta vya petroli, ambavyo ufanisi wake ni mbaya kuliko injini zote nilizozitaja isipokuwa zile za kale. Pemba haikuguswa na hitilafu ile, kwa kuwa ilikuwa haijaunganishwa. Dizeli ya Wesha ilikuwa ghali na ilitupa joto jingi, lakini ilikuwa hapo nyumbani. Asilimia nzuri si kitu pekee cha kuangalia.

Na si kila joto linahitaji kugeuzwa kazi. Kiwanda cha makonyo cha Wawi kinakamua mafuta ya karafuu kwa mvuke. Pale joto linatumika kama joto, na sheria ya Sadi haikati chochote. Ndiyo maana nchi nyingine hujenga mitambo ya umeme karibu na viwanda vya namna hiyo, ili joto ambalo injini lazima ilitupe lipate wa kulipokea. Moshi wa jenereta hauwezi kugeuka umeme wote, lakini unaweza kukausha karafuu siku ya mvua.

Kwa nini mwandishi wa habari ajishughulishe na haya? Kwa sababu kila baada ya muda tunaletewa habari ya mtu aliyebuni jenereta inayojiendesha yenyewe, haitumii mafuta, haitumii jua, inawasha mtaa mzima. Tunapiga picha, tunaandika "kijana wetu," tunalaumu serikali kwa kutomsaidia. Watu wanachanga fedha. Baada ya mwaka hakuna jenereta wala fedha. Huyo kijana mara nyingi ana kipaji cha kweli cha ufundi, na tungemsaidia zaidi kama tungemuuliza maswali mawili ambayo Sadi alituachia: upande wa moto uko wapi, na upande wa baridi uko wapi?

Maswali hayo hayaui ndoto. Yanachuja. Mtu akija na wazo la kuvuna umeme kwenye mkondo wa Pemba, kwa tofauti ya maji ya juu yenye nyuzi 28 na ya kilindini yenye nyuzi 10, usimcheke: pande mbili anazo. Mfaransa Georges Claude alijaribu Cuba mwaka 1930. Fanya tu hesabu naye: asilimia 6 ndiyo mpaka, kabla hajalipia pampu za kuyapandisha maji ya chini. Hapo mnaweza kukaa na kujadiliana gharama kama watu wazima. Yule asiye na upande wa baridi, mpe chai, mshukuru kwa kuja, na usiandike habari yake.